Usiku Huu ni wa Nani? Kisa cha Binti wa Tabata na Wazazi Wake Wawili

Siku ya kwanza aliyenifungulia geti alikuwa amejifunga kanga kiunoni na mkono mmoja ameushika mgongo. Alinisalimia, akaniongoza hadi chumbani kwa mama yake, akasimama mlangoni muda wote niliokuwa nampima mgonjwa. Mimi ni mtu wa mazoezi ya viungo. Kazi yangu ni kuzunguka majumbani, kuanzia Buguruni hadi Segerea, kuwashughulikia waliopatwa na kiharusi, na nyumba nyingi huniita daktari hata nikikataa. Nilipomaliza nilimwandikia binti yule mazoezi ya mkono na mguu wa mama yake, mara tatu kwa siku, nikamwelekeza namna ya kumgeuza kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulala, nikaaga. Mgongo wake yeye una nini, sikuuliza.

Naandika kisa hiki kwa sababu ya kosa hilo. Nilikuta mtu amebeba mzigo, nikamwongezea, kisha nikahesabu kwamba nimetoa huduma. Familia imeniruhusu kuandika. Majina nimeyaacha na mambo machache nimeyabadilisha ili wasitambulike. Nitamwita Dada, kama wadogo zake wanavyomwita, na wazazi nitawaita Mama na Baba.

Nyumba yenyewe

Dada ana miaka 46. Ni fundi cherehani, na alikuwa na kibanda chake hapo Tabata Bima, cherehani mbili na msichana wa kumsaidia. Alirudi kwa wazazi miaka sita kabla ya kisa hiki, ndoa yake ilipovunjika. Katika familia zetu binti aliyerudi nyumbani huhesabiwa kuwa hana majukumu, kwa hiyo hakuna aliyeitisha kikao kumteua awe muuguzaji. Ilikuwa hivyo tu.

Mama ana miaka 78. Kiharusi kilimlegeza upande wa kulia na kumwachia maneno machache. Baba ana 83, mstaafu wa bandarini, na kumbe alikuwa ameanza kupoteza kumbukumbu zamani. Mama ndiye aliyekuwa akimsitiri: akimnong'oneza jina la mgeni, akimtangulia kujibu, akimwekea miwani pale pale kila siku. Mama alipoanguka, ugonjwa wa Baba ukaonekana wote kwa wiki moja. Majirani walisema ni uzee tu. Si uzee tu. Utafiti uliofanyika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ulikuta ugonjwa huu wa kupoteza kumbukumbu, unaoitwa dementia, kwa takriban asilimia 6.4 ya watu wenye miaka 70 na zaidi, maana yake wazee wengi wa umri huo hawana.

Watoto ni wanne. Kaka mkubwa yuko Mwanza, na kila tarehe 28 anatuma shilingi 150,000 bila kuchelewa. Kaka wa pili anakaa Mbezi Beach, ana gari, ameajiriwa kwenye kampuni. Mdogo wa mwisho, wa kike, ni mtumishi wa serikali Dodoma, na ndiye aliyewaandikisha wazazi kuwa wategemezi wake kwenye bima ya afya ya taifa, NHIF, hivyo vipimo na dawa havikuwa shida kubwa. Nasisitiza hili kwa sababu hiki si kisa cha watoto waliowatupa wazazi wao. Kwa kipimo cha nyumba ninazoingia, wazee hawa wamebahatika. Na bado binti yao alikuwa anaisha mbele ya macho ya watu wanaompenda.

Nyumba za namna hii si chache jijini. Utafiti mkubwa wa kiharusi uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta wagonjwa wapya takriban 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka katika eneo lililochunguzwa Dar es Salaam, na takriban 109 kule Hai, baada ya kusawazisha tofauti za umri. Shinikizo la damu lisilotibiwa ni moja ya sababu kubwa. Mtu akitoka wodini akiwa hai watu hushukuru Mungu, wanampakia kwenye Bajaji, na kuanzia hapo hospitali haijui tena nani anaamka naye usiku.

Alichoniambia siku ya nne

Kwa miezi kumi na mmoja Dada alikuwa analala kwenye godoro sakafuni, kwenye korido, katikati ya vyumba viwili. Saa nane usiku Baba anaamka, anavaa viatu, anadai zamu yake bandarini imeanza na nani kaficha funguo. Akishatulizwa, ni wakati wa kumgeuza Mama. Akishageuzwa Mama, Baba anataka kwenda chooni. Cherehani moja iliuzwa, kibanda kikafungwa, msichana akaambiwa atafute pengine.

Siku ya nne nilimkuta jikoni amesimama mbele ya jiko la gesi lililozimwa, kijiko mkononi. Nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikamuuliza yeye analalaje. Akanisimulia habari ya daladala.

Jumamosi moja kaka wa Mbezi alikuja kuwaangalia wazee, naye akapata nafasi ya kwenda Kariakoo kununua nyuzi na zipu za kazi mbili tatu alizokuwa bado anashonea nyumbani. Kurudi alipanda gari la Segerea, akapata siti ya dirishani. Lilipofika Tabata Bima konda alipiga kelele, watu wakashuka, yeye akabaki. Hakuwa amelala. Alikiona kituo chake, akaliona duka la dawa analonunulia pampasi za wakubwa, na hakuinuka. Alikwenda hadi mwisho wa gari. Abiria wote waliposhuka Segerea aliendelea kukaa na mfuko wake mapajani, konda akamuuliza, "Mama, vipi, unaumwa?" Akamjibu, "Hapana. Nakaa kidogo."

"Nilikaa kwa sababu hakuna aliyekuwa ananiita," aliniambia. Kisha akalia, na katikati ya kulia akasikiliza kama Mama ameamka.

Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa ya ICD-11, limeitambua hali ya kuchoka kupita kiasi kama jambo la kazini: nguvu kwisha, moyo kujitenga na kazi, na kuona kwamba hakuna unachofanya kikafaa. Kuuguza wazazi hakuna mwajiri, hakuna zamu, hakuna kustaafu, lakini dalili ni zile zile. Kiswahili chenyewe kimelifungia jambo hili kwenye shina moja: anayeugua na anayeuguza. Nimeanza kuamini kwamba waliotangulia kusema maneno haya walijua ugonjwa mmoja hulaza watu wawili.

Dada alikuwa na dalili zote na nyingine za mwili. Presha nilimpima mara mbili siku hiyo, zote zilikuwa juu ya 160. Alikuwa binti wa mgonjwa wa kiharusi, hapati usingizi, presha juu, na miezi kumi na mmoja hakuna aliyemfunga mashine mkononi, hata mimi niliyekuwa naibeba begani. Nilimpa barua aende hospitali ya rufaa ya mkoa wiki hiyo hiyo. Akauliza, "Nani atabaki hapa?" Swali hilo ndilo kisa chote.

Kuhesabu saa

Familia ilikuwa na hesabu ya pesa, na ilikuwa safi kabisa: nani katuma, lini, risiti ya dawa iko wapi. Hakuna aliyekuwa na hesabu ya saa. Nilimwomba Dada achukue daftari la kaunta, achore siku saba, aandike kila saa nani yuko na wazee. Wiki ina saa 168. Ilipokwisha tulihesabu pamoja: saa 161 zilikuwa zake. Saa saba zilizobaki ni Kariakoo na kanisani. Usingizi mrefu aliowahi kuupata bila kuamshwa wiki hiyo ulikuwa wa saa mbili na dakika arobaini.

Jambo lililonishtua zaidi lilikuwa mstari wa Jumapili. Kaka wa Mbezi alifika saa saba mchana, akakaa saa moja na nusu. Nilitegemea Dada atakuwa amepumzika. Mbele ya saa hizo ameandika: "Kumpikia kaka." Ugeni wa kumsaidia ulikuwa umemwongezea sufuria za kuosha, na kaka mwenyewe aliondoka akijua amefanya wema, kwa sababu aliacha elfu hamsini mezani. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sidhani kaka alikuwa na moyo mgumu. Hakuwahi kulinyanyua kanda lenyewe.

Nilimsomea pia maswali 12 ya kupima mzigo wa anayeuguza, ufupisho wa dodoso lililotokana na kazi ya Steven Zarit na wenzake mwaka 1980. Kila swali hujibiwa kwa 0 hadi 4, jumla ya juu ni 48. Moja linauliza kama unajisikia hasira ukiwa karibu na mgonjwa wako. Alijibu haraka: sifuri. Tulimaliza, akanisindikiza hadi getini, nikawa nimeshatoka nje aliponiita. "Lile la hasira," akasema, anaangalia chini. "Andika tatu." Jumla yake ikawa 34.

Nilimuuliza kwa nini hajawaambia ndugu zake kwamba amechoka. Jibu lake nalibeba mpaka leo: "Nikisema nimechoka na wazazi wangu, nitakuwa nimeomba nini?" Kwake neno hilo lilikuwa karibu na dua mbaya, na mtu anayetaka radhi za wazazi hathubutu kulitamka. Kwa hiyo alipoulizwa kwenye simu habari za nyumbani alisema nzuri, wanaendelea, na ndugu zake walimwamini.

Kuhusu kumwogesha Baba

Kulikuwa na jambo moja ambalo hata kwenye daftari hakuliandika. Alinidokeza kwa kuzunguka, na sikuelewa hadi aliporudia. Baba hawezi tena kuoga mwenyewe. Mwanzoni alikuwa anapewa ndoo na sabuni, anatoka bafuni amelowa kichwa tu. Siku nyingine anatoka bila nguo. Basi Dada akaanza kumwogesha. Alimfunika shuka, akamwogesha chini ya shuka huku amegeuza uso kuelekea ukutani, akitafuta kwa mkono. Baba, hata katika kusahau kwake, alijua kuna jambo haliko sawa: alikuwa analia. Jina la binti yake alikuwa anakosea mara nyingi, lakini aibu ile hakuisahau.

Dada hakumwambia mtu, kwa kumhifadhia Baba heshima. Nadhani ndilo lililokuwa linamvunja kuliko kukosa usingizi. Mtu anaweza kubeba uzito mwingi akilala usiku mmoja mzima. Jambo la namna hii halitoki kwa kulala. Na ni kazi ambayo haiwezi kutumwa kwa simu tarehe 28. Ilimhitaji mtoto wa kiume awepo pale.

Kikao

Hapa nataka kwenda polepole, kwa sababu hapa ndipo familia nyingi hukosea. Dada alitaka mimi niwaambie ndugu zake. Nilikataa, na nadhani nilifanya vizuri. Mimi ni mtu baki. Ningesema, wangenisikiliza kwa adabu, wangenilipa nauli. Tulitafuta mtu ambaye neno lake halirudishwi: baba mdogo wao, mdogo wake Baba, anayekaa Kigamboni. Dada alimweleza habari ya bafuni yeye peke yake, kwa sababu kwa umri wake aliweza kuisema bila kumvunjia mtu heshima.

Kikao kilifanyika Jumapili, sebuleni, kaka wa Mwanza kwenye simu iliyowekwa mezani juu ya kitambaa. Daftari lilisomwa. Kaka wa Mwanza akauliza kama tatizo ni pesa, aongeze. Kisha, kwa sauti ya mtu anayetafuta njia, akauliza kama hakuna nyumba za wazee. Zipo. Makazi ya Nunge yako hapo hapo Kigamboni, ya serikali, lakini ni kwa wazee wasio na mtu wa kuwatunza. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 yenyewe iliitegemea familia kuwa mtunzaji wa kwanza. Aliyekuwa na watoto wanne hai asingepokelewa, na sioni kwamba wangeweza kumpeleka.

Baba mdogo akanyamaza kidogo, kisha akamgeukia kaka wa Mbezi: "Baba yako anaogeshwa na nani?"

Kaka akasema alidhani anaoga mwenyewe. Hakuna aliyesema kitu. Kwenye simu nako kimya, hadi tukadhani mtandao umekatika. Kaka wa Mbezi akafunika uso kwa mikono. Kuanzia pale hapakuwa na haja ya kumshawishi mtu.

Walichopanga kiliandikwa kwenye daftari lile lile, kazi na jina la mtu, siku na saa. "Tusaidiane" haikuandikwa popote. Baba mdogo aliikataa. Kaka wa Mbezi alichukua usiku wa Ijumaa na Jumamosi, analala pale korido, na anamwogesha Baba siku hizo. Mwanawe wa miaka 19, anayesubiri chuo, alichukua kumwogesha babu yake Jumatatu na Jumatano. Kaka wa Mwanza aliongeza pesa ya kumlipa mama mmoja wa jirani aliyewahi kuuguza, aje saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, siku tano. Mdogo wa Dodoma alisema atatumia nusu ya likizo yake ya mwaka, wiki mbili mfululizo, na katika wiki hizo Dada asionekane hapo nyumbani.

Kuhusu likizo nina neno. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 34, inampa mfanyakazi angalau siku nne za malipo mtoto wake akiugua au akifa, na pia akifiwa na mzazi. Mzazi akiugua, kifungu hicho hakimtaji. Kwa hiyo watu wa mshahara wanakula likizo zao za mwaka kitandani kwa wazazi, kisha wanarudi kazini wamechoka kuliko walivyoondoka. Mzazi anahitaji mtoto wake kabla ya kaburi, na ningependa sheria iseme hivyo.

Vitu vidogo vilivyoleta usingizi

Sehemu yangu ilikuwa ya ufundi. Kitanda cha Mama tulikiinua kwa matofali manne hadi Dada akaacha kuinama. Mgongo ulianza kupoa ndani ya wiki mbili. Shuka lililokunjwa mara mbili likatandikwa chini ya kiuno cha Mama, la kumvutia upande kwa upande, badala ya kumnyanyua kwa kwapa. Kiti cha plastiki kikakatwa tundu, ndoo chini, safari za chooni zikapungua. Mazoezi ya mara tatu niliyoyaandika siku ya kwanza niliyafuta mwenyewe, nikayaingiza ndani ya kazi zilizokuwepo: kumvalisha, kumlisha, kumgeuza.

Kubwa kuliko yote ilitoka kwenye kidonge. Baba alikuwa anapewa dawa zake zote za presha jioni baada ya kula, kwa sababu ndio muda Dada anakumbuka. Moja ilikuwa ile ya kutoa maji mwilini. Ndiyo maana alikuwa anaamka mara nne kukojoa, na akishaamka anaikumbuka bandari. Tulimuuliza daktari wake kama inaweza kuhamishiwa asubuhi, akakubali. Baba akaanza kuamka mara moja, siku nyingine hakuamka. Miezi kumi na mmoja ya usiku ule ilikuwa imejificha ndani ya saa ya kumeza dawa, na kila mtu wa afya aliyeipita nyumba ile, nikiwemo mimi, hakuuliza.

Jumuiya ndogondogo ya kanisani ilikuwa inakuja kila wiki na sukari na sabuni, inasali, inaondoka. Dada aliwaomba, kwa aibu, kama wawili wanaweza kubaki saa mbili wakae na wazee yeye alale. Walikubali pale pale. Mmoja alimwambia walikuwa wanatafuta siku nyingi cha kufanya.

Yaliyogoma

Mama alimkataa yule mama wa jirani. Kwa wiki mbili alifumba mdomo akilishwa na mtu mwingine, na akiguswa analia. Dada alitaka kurudisha kila kitu kilivyokuwa. Tulichofanya ni kumweka Dada chumbani siku kumi, yuko lakini hagusi, ameshika mkono wa Mama tu wakati mwenzake anafanya kazi, kisha akaanza kukaa sebuleni, kisha barazani. Hakuna njia ya mkato hapo. Anayehudumiwa naye ana haki ya kuzoea.

Grupu la WhatsApp la familia halikusaidia kitu. Lilijaa dua na picha za maua, na kila aliyetuma alijihesabu amechangia. Sasa Jumapili jioni Dada anatuma picha ya ukurasa wa daftari, basi. Pengo la Ijumaa likionekana linaonekana na wote. Kaka wa Mbezi ameruka Ijumaa tatu katika miezi minne, na mara mbili kati ya hizo mwanawe alimjazia.

Baada ya miezi minne nilirudia maswali yale. Jumla ilikuwa 20. Presha yake, kwa dawa na usingizi, ilikuwa imeshuka. Swali la hasira alilifikiria kwanza, kisha akasema moja. Cherehani iliyobaki iko barazani, na mchana, wakati yule mama yuko ndani, anashona sare za shule.

Baba bado anauliza funguo za bandari. Mama ameongeza maneno mawili, na moja ni jina la Dada. Hali ya wazee hawa haitarudi nyuma, na kuna usiku mrefu zaidi unakuja. Karibu zaidi ni Desemba: mama wa jirani ameomba kwenda kwao Iringa wiki tatu, mjukuu ataanza chuo, na ukurasa wa wiki hizo kwenye daftari bado ni mweupe. Baba mdogo ameita kikao Jumapili ya kwanza ya Novemba. Dada amenitumia ujumbe kwamba safari hii ajenda ameiandika yeye.